Ukame ni Dhambi ya Nani?

Sisi watu wa pwani Makueni tunaijua kwa dirishani. Mtu akitoka Mombasa kwenda Nairobi, akishaipita Voi na nyika ya Tsavo, huingia Mtito Andei, kisha Kibwezi, Makindu na Emali. Na kwa miaka mingi macho yake yalikuwa hayakosi vitu viwili kandokando ya barabara. Cha kwanza ni magunia ya makaa yaliyosimamishwa yakingoja wanunuzi. Cha pili ni makanisa: la matofali, la mabati, jingine la turubai tu, kila moja na jina lake. Basi likienda mbio mtu hapati nafasi ya kujiuliza kama vitu hivyo viwili vina uhusiano wowote. Mimi nafasi hiyo niliipata mwezi wa Oktoba mwaka wa 2022, niliposhuka.

Niliitwa na jirani yangu wa zamani, mwalimu mstaafu, Mkamba aliyefundisha Mombasa zaidi ya miaka ishirini, kisha akarudi kwao Makueni kulima maembe. Yeye ni mzee wa kanisa na mimi ni Muislamu, na ujirani wetu haukujengwa kwa kubishana dini bali kwa kupelekeana sahani, yeye wakati wa Krismasi na mimi wakati wa Idi. Nilimkuta amekonda. Mvua zilikuwa zimeshindwa misimu minne mfululizo, na wa tano ulikuwa ukielekea huko huko. Ng'ombe wake wawili walikuwa wamebaki mifupa na ngozi, na maji yalikuwa yakinunuliwa kwa mtungi.

Siku ya Jumapili Mwalimu alikwenda kanisani, nami nikabaki chini ya mwembe wake. Lakini kanisa lile lina vipaza sauti, na mahubiri yakanifuata pale nilipokaa, kama vile adhana zetu zinavyowafuata wengine. Mhubiri alisema kwa Kikamba na mkalimani akageuza kwa Kiswahili. Aliuliza kwa nini mbingu zimefungwa, akajibu mwenyewe: kwa sababu ya dhambi. Akazitaja moja moja: ulevi, uzinzi, uchawi, kurudia matambiko ya wazee, na kutotoa fungu la kumi. Akasimulia habari za Nabii Eliya, ambaye sisi twamwita Ilyas, na mfalme Ahabu, na ile miaka ambayo mvua ilikatika katika nchi. Watu wakalia, wakatubu.

Kisha yakaja matangazo. Jumanne ni zamu ya kwenda mtoni. Kila nyumba itoe mtu mmoja na jembe au sepetu, akina mama walete ndoo, vijana wabebe mawe, kwa maana ukuta wa bwawa haujaisha na mvua yaweza kushuka wakati wowote. Aliyesoma matangazo aliyasoma kwa sauti ile ile ya sala, wala hakuna aliyeona ajabu.

Mimi niliona ajabu. Tena nilikuwa nimetega sikio muda wote nisikie kama makaa yatatajwa. Hayakutajwa. Wala hayakutajwa malori ya mchanga ambayo usiku ule yalikuwa yamenikatisha usingizi.

Mwalimu aliporudi nilimwuliza. "Mwalimu, mahubiri nimeyasikia yote. Mbona makaa hayakutajwa?"

Alicheka kidogo, akavua miwani. "Ndugu yangu, waliochoma makaa wiki hii ndio waliotoa sadaka leo. Mahindi yamekauka. Mhubiri akiwaambia kuchoma makaa ni dhambi, sharti awaambie na watoto wao wale nini. Hana jibu, basi hunyamaza."

"Na wenye malori?"

"Wenye malori hawasali hapa," akasema. "Wako Nairobi."

Maneno hayo nimekaa nayo tangu siku ile, na ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya.

WAO NI NANI

Msomaji atauliza: Wakristo wa Kiinjili ni watu gani? Ni wale ambao mitaani twawaita walokole, yaani wanaosema wameokoka. Kwao Biblia ndiyo neno la mwisho, na kila mtu sharti atubu yeye mwenyewe na kuzaliwa upya. Hawezi kuokolewa kwa sababu baba yake alibatizwa. Tena ni wajibu wao kuhubiri. Katika Kitui na Makueni wako katika kanisa la Africa Inland, katika makanisa ya Kipentekoste, kwa Wabaptisti, na wengi wamo ndani ya Kanisa la Anglikana. Hawana Papa. Mwaka wa 2015 Papa Francis alipotoa waraka wake juu ya utunzaji wa dunia, Wakatoliki wote walipata neno moja la kurejea. Walokole kila mhubiri ni mufti wa mimbari yake, kwa hiyo anayesema "walokole wanaamini hivi" juu ya jambo lolote la serikali huwa amekwisha kosea nusu.

Aidha tusiwapime wote kwa kipimo cha Shakahola. Sisi wa pwani jeraha hilo ni letu. Mwaka wa 2023 maiti zaidi ya 400 zilifukuliwa katika msitu ule wa Kilifi, na mafundisho ya mwisho wa dunia yalitajwa. Lakini mkulima wa Makueni anayesema Yesu atarudi, na huku anapanda maembe yatakayozaa baada ya miaka mitano, si mtu wa Shakahola.

Njia iliyowafikisha ilipita mlangoni kwetu. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, akaweka kituo Rabai. Mwaka wa 1849 alifuata njia ya misafara ya Wakamba, ile iliyokuwa ikileta pembe za ndovu pwani, akafika Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa aliyejulikana sana Mombasa. Huko ndiko alikouona Mlima Kenya tarehe 3 Disemba 1849. Miaka 46 baadaye, Oktoba 1895, Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walishuka Mombasa, wakaenda bara na kuanzisha kituo chao cha kwanza Nzaui, katika Makueni ya leo. Scott alifariki Disemba 1896. Haikupita miaka mingi ikaingia njaa kuu ambayo Wakamba waliiita Ngomanisye. Kwa hiyo Injili na ukame ni majirani wa zamani katika nchi ile.

Kuna jambo moja katika historia hiyo ambalo latuhusu sote. Wakamba walikuwa na mathembo, yaani vichaka vyenye mikuyu mikubwa ambamo wazee walitoa sadaka kuomba mvua. Mti wa ndani ya ithembo haukatwi. Wamisheni waliona ibada ya sanamu, na Muislamu hawezi kuwalaumu kwa hilo, maana nasi shirki twaiita shirki. Lakini ilipoondoka hofu ya mizimu, katika pahali pengi shoka liliingia. Ndivyo ilivyokuwa kwa makaya ya Wamijikenda pia, hata kufikia mwaka wa 2008 misitu hiyo ilipoandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia ili isalimike. Dini inayomwondoa mlinzi wa mti ina deni la kuweka mlinzi mwingine.

UGOMVI WA MAREKANI SI WA MAKUENI

Magazeti ya nje yakiandika juu ya walokole na mabadiliko ya tabianchi huandika habari za Marekani, na msomaji akadhani ndizo za dunia nzima. Kule ugomvi ni kama dunia inaongezeka joto kwa sababu ya binadamu au la. Wako wanaosema Mungu aliiumba dunia imara, kwamba alimwahidi Nuhu kuwa majira ya kupanda na kuvuna hayatakoma, na kwamba sheria za kupunguza moshi wa viwanda zitawadhuru maskini kuliko joto lenyewe. Kundi la Cornwall Alliance limekuwa likitoa matamko ya namna hiyo. Wengine huongeza kwamba dunia itateketea kwa moto siku ya mwisho, basi ya nini kupaka rangi jahazi linalozama?

Wengine, wa dini ile ile na Biblia ile ile, walisema kinyume chake. Mwaka wa 2006 viongozi 86 wa Kiinjili wa Marekani walitia sahihi tamko la kutaka serikali yao ichukue hatua. John Houghton wa Uingereza, aliyefariki 2020, alikuwa mlokole asiyeficha imani yake, na yeye ndiye aliyekuwa miongoni mwa wakuu wa kamati ya wanasayansi wa Umoja wa Mataifa iliyopima joto la dunia. Mwaka wa 2010 mkutano mkuu wa walokole wa dunia uliofanyika Cape Town ulitamka kwamba kuitunza dunia ni sehemu ya Injili yenyewe, si pambo la nje. Hata hivyo waumini wa kawaida wa Marekani hawakufuata. Uchunguzi wa shirika la Pew wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba katika kila Wamarekani 100, 53 waliamini kwamba joto hilo latokana hasa na binadamu. Kwa walokole walikuwa 32 tu.

Makueni sikukutana na mtu hata mmoja aliyekana. Mkulima hahitaji kamati. Anajua babake alipanda lini na yeye apanda lini. Anajua mto gani ulikuwa na maji mwezi wa Agosti na sasa una vumbi. Mwezi wa Aprili 2023 kundi la wanasayansi la World Weather Attribution lilisema kwamba joto lililoletwa na binadamu liliufanya ukame ule wa Pembe ya Afrika uwe rahisi kutokea kwa kiasi cha mara 100, kwa sababu hata mvua kidogo iliyonyesha ilinyonywa na jua kabla ya kuufaa mmea. Mwalimu alikuwa ameniambia hayo mwaka uliotangulia kwa maneno yake: mvua ikinyesha leo, kesho kutwa udongo umesahau.

Swali la Ukambani basi si kama ukame upo. Ni nani aliyeuleta, na mtu afanye nini.

KAZI YA MIKONO

Kuhusu la pili, yaani mtu afanye nini, walokole wa huko wana jibu ambalo ni la kusifiwa. Nilikwenda mtoni Jumanne ile. Mito ya Kitui na Makueni mingi ni ya msimu. Hufurika siku chache kisha hubaki mchanga mtupu. Watu hujenga ukuta wa mawe na saruji juu ya mwamba, kuvuka mto kutoka ukingo hadi ukingo. Mafuriko yakija huleta mchanga, mchanga hukaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha ndani ya mchanga. Jua haliwezi kuyafikia, na mbu hapati pa kutaga. Robo ya mchanga ule, pengine hata theluthi, huwa ni maji. Mtu huchimba kisima kidogo au hufunga pampu akateka miezi ambayo zamani alitembea nusu siku.

Kazi hii haikuanza jana. Mwaka wa 1978 Joshua Mukusya na wenzake walianzisha kundi la Utooni, upande wa Machakos unaopakana na Makueni, nao walikuja kusaidiwa na shirika la Wakristo wa Kimenoni. Kitui shirika la SASOL, ambalo si la kanisa, lilijenga mamia ya mabwawa kama hayo tangu miaka ya 1990. Lakini mikono ni ya wanakijiji, na utaratibu wao ni mwethya, ule ushirika wa Wakamba wa kusaidiana kazi, ambao ni mzee kuliko kanisa. Kanisa liliukuta, likaupa siku yake katika matangazo ya Jumapili.

Vivyo hivyo shambani. Katika miaka ya 1980 mkulima mmoja wa Zimbabwe, Brian Oldreive, alianza kufundisha kilimo alichokihusisha na Biblia: usilime ardhi yote kwa plau, chimba mashimo tu, usichome mabua, yatandaze juu ya udongo yawe blanketi la Mungu, panda kwa wakati, usipoteze kitu. Mafunzo hayo yameletwa Kenya na mashirika ya Kikristo, na mojawapo ni A Rocha, ambalo kituo chake kiko kwetu Watamu, na ambalo kwa miaka mingi limekuwa likilipia karo watoto wanaoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Mtaalamu wa kilimo angeweza kuyafundisha yote hayo pasipo kutaja aya hata moja. Lakini mama mmoja pale Makueni alinieleza kwamba bwana shamba alimwambia miaka kumi asichome mabua na hakusikia, hata alipoambiwa kanisani kwamba kuuacha udongo uchi ni kuidharau kazi ya Muumba ndipo alipoacha. Hiyo ndiyo nguvu ya dini inayosema na mtu mmoja mmoja. Humfikia pale ambapo serikali haifiki.

PALE WANAPONYAMAZA

Lakini nguvu hiyo hiyo ndiyo udhaifu wao. Mtu aliyezoea kuona dhambi ndani ya moyo wa mtu mmoja mmoja, ni vigumu kuiona ndani ya soko, au ndani ya sheria, au ndani ya kiwanda kilichoko ng'ambo. Mama aliyechoma mti wake wa mwisho anaweza kusimamishwa mbele ya kanisa akatubu. Mwenye lori hawezi, maana hasali pale. Na nchi tajiri zilizotoa moshi miaka mia mbili hazisali pale pia. Kenya yote haifikishi hata sehemu moja ya mia ya moshi wa dunia. Basi mahubiri yanayosema "ukame ni dhambi zetu" huwabebesha mzigo wote wale wenye sehemu ndogo kabisa ya kosa.

Tazama mambo yalivyokwenda. Januari 2018, Gavana wa Kitui wakati huo, Charity Ngilu, alipiga marufuku biashara ya makaa na mchanga kutoka kaunti yake. Lori la makaa likachomwa moto, ugomvi ukafika hadi Limuru, na jambo lililokuwa la miti likageuzwa kuwa la makabila. Mwezi wa pili serikali kuu nayo ikasimamisha ukataji wa misitu, amri ambayo ilikuja kuondolewa mwaka wa 2023. Makueni ilikuwa imetunga sheria ya mchanga tangu 2015, baada ya damu kumwagika mitoni. Hapa ndipo mahali ambapo mtu angetaraji sauti ya mimbari, kwa maana makanisa ndiyo yenye watu. Sauti hiyo, kwa niliowauliza, ilikuwa ndogo. Waliniambia hizo ni siasa.

Sitaki kuwaonea, kwa sababu hofu yao ina asili. Mwaka wa 1938 serikali ya kikoloni ilisema Ukambani unamomonyoka kwa wingi wa mifugo, ikawanyang'anya watu ng'ombe wao na kuwauza kwa bei ya kutupa. Wakamba wakaandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Samuel Muindi Mbingu. Serikali ikamkamata, ikampeleka uhamishoni, na wapi? Lamu. Tangu siku hizo, Mkamba akisikia "hifadhi ya mazingira" kutoka kwa mkubwa, husikia pia hodi ya mtu aliyekuja kuchukua kitu. Anayetaka kumlaumu mhubiri kwa kunyamaza na alikumbuke hilo.

Na kuna kunyamaza kwa namna nyingine, ambako huja na kelele nyingi. Tarehe 14 Februari 2023, Rais William Ruto, ambaye mwenyewe ni mlokole, aliongoza sala ya taifa ya kuomba mvua katika uwanja wa Nyayo. Kuomba mvua si kosa. Sisi tuna sala yake maalumu. Tena ni haki kusema kwamba serikali hiyo hiyo ilikuwa imetangaza mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Lakini mtawala anaposimama mbele ya watu kutubu kwa ajili ya ukame, wananchi wana haki ya kujua anatubia lipi. Je, anatubia vibali vya misitu? Au mabwawa yaliyolipiwa yasijengwe? Toba isiyotaja kosa ni rahisi kwa kila mtu.

Nilirudi kwenye hadithi ile ya Eliya. Mwalimu alinifungulia Biblia yake tukaisoma pamoja. Eliya hakwenda kwa mkulima. Alikwenda kwa mfalme, akamwambia usoni kwamba ni yeye na nyumba ya babake waliowataabisha watu. Na mfalme huyo huyo ndiye ambaye baadaye alichukua shamba la maskini baada ya mwenyewe kuuawa. Nikamwambia Mwalimu, "Basi ndani ya kitabu chenu ukame ulikuja kwa dhambi ya ikulu." Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba katika miaka yote ya kusikia hadithi hiyo hajapata kuisikia ikihubiriwa hivyo.

Hata hivyo si wote walionyamaza. Shirika la maendeleo la Kanisa la Anglikana la upande wa mashariki lilisaidia Makueni kuunda kamati za wananchi wa kila wadi, na kaunti ikatunga kanuni mwaka wa 2015 za kutenga angalau asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo kwa mambo ya tabianchi. Kitui ikafuata kwa sheria yake mwaka wa 2018. Hapo wanakijiji hawangoji kuambiwa. Wao ndio wanaosema bwawa lijengwe wapi, na fedha ni haki yao kwa sheria, si sadaka. Kwa maoni yangu, kitabu cha hesabu cha kamati ya wadi kina thamani ya mahubiri mengi. Yaliyobaki ni wale wanaosali pamoja Jumapili waulize pamoja Jumatatu fedha zimekwenda wapi.

MAKAA YA MAWE YA KITUI NA MJI WA LAMU

Sasa nawageukia wasomaji wangu wa pwani, maana twaweza kudhani haya ni ya Wakamba na Wakristo wao. Katika bonde la Mui, kaunti ya Kitui, kuna makaa ya mawe ardhini. Serikali ilipatana na kampuni ya Kichina kuyachimba. Na yangechomwa wapi? Katika kiwanda cha umeme cha megawati 1,050 kilichokusudiwa kujengwa Kwasasi, Lamu; kianze na makaa ya kuagizwa ng'ambo, kisha kitumie ya Kitui. Watu wa Mui walihofia mashamba yao. Watu wa Lamu walihofia samaki, hewa, na mji wao wa kale. Tarehe 26 Juni 2019 mahakama ya mazingira ilifuta kibali cha kiwanda hicho, kwa sababu, pamoja na mengine, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Mlokole wa Mui na Muislamu wa Lamu walikuwa, bila ya kujuana, katika mtumbwi mmoja. Hakuna aliyewauliza ni wa dini gani. Wala kesi haikushindwa kwa sababu mtu alitubu moyoni mwake. Ilishindwa kwa sababu watu walisimama, wakasoma karatasi, wakaenda mbele ya sheria. Lau wangebaki kuomba tu, leo moshi ungekuwa juu ya Lamu.

NA SISI JE?

Nisije nikaonekana nacheka cha mwenzangu na changu nakificha. Sisi nasi twaamini kwamba dhambi na mvua vina uhusiano. Qurani yatueleza jinsi Nabii Nuhu alivyowaambia watu wake waombe maghufira ili mbingu ziwamiminie mvua. Kitabu hicho hicho chatufundisha kwamba ufisadi umedhihiri bara na bahari kwa yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Hapo imetajwa mikono, na imetajwa bahari. Lakini ni mara ngapi khutba ya Ijumaa imetaja mikoko inayokatwa, au mchanga wa ufuoni unaochukuliwa, au maji machafu yanayomwagwa kwenye mkondo? Nasi pia wahatibu wetu ni hodari juu ya ulevi na mavazi. Nasi pia wenye malori, au tuseme wenye mahoteli, hawakai safu ya mbele.

Mifano mizuri ipo. Gazi, kule Kwale, wanakijiji ambao wengi wao ni Waislamu wanailinda mikoko tangu mwaka wa 2013 kwa mpango wao wa Mikoko Pamoja, na mapato yameleta maji na kusaidia shule. Na kuhusu wale wasemao kwamba dunia inakwisha basi ya nini kupanda, Mtume wetu alikwisha wajibu: Kiyama kikimkuta mtu na mche mkononi, kama aweza kuupanda, na aupande. Nilimweleza Mwalimu maneno hayo siku ya kuagana. Alichukua kalamu akayaandika nyuma ya kitabu chake cha nyimbo.

Mwisho wa Machi 2023 alinipigia simu. Mvua imenyesha, mto umeshuka, ukuta umesimama na mchanga umeanza kukaa. Nikamwuliza kama kanisa limeshukuru. Akasema limeshukuru sana. Kisha akaniambia kwamba siku ya pili yake malori yalikuja usiku kuuchota mchanga ule ule, na safari hii wazee wa kanisa, pamoja na mchungaji mwenyewe, walikwenda kusimama barabarani na taa mikononi, na asubuhi wakaenda ofisi ya kaunti na nambari za magari.

Sikujua niseme nini, ila nilimwambia, "Mwalimu, hiyo nayo ni ibada." Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mwenye kuomba maji ya Mwenyezi Mungu hana budi kuulinda mchanga unaoyashika.